Kadi Yenye Meno ya Dhahabu

Benedicto Ryoba alifanya kazi ya ufundi wa mitambo ya simu kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu hata mmoja wa Nyamongo aliyewahi kumshukuru. Simu ikiita, watu huishukuru simu. Isipoita, hapo ndipo wanapokumbuka kwamba kuna mtu anaitwa fundi, nao humtukana kwa Kiswahili, kwa Kikurya, na wale waliokwisha kufanya biashara Sirari humwongezea na Kiingereza cha Kenya. Yeye alikuwa ameshazoea. Akitukanwa alirekebisha miwani yake, iliyofungwa mguu mmoja kwa waya wa simu, akaendelea na safari.

Kituo chake kilikuwa juu ya kilima, chumba kimoja cha matofali chenye uzio wa seng'enge, mlinzi mmoja na jenereta lililokuwa likikohoa kila likiwashwa. Chini ya kilima ungeyaona maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, maturubai ya bluu yametapakaa, na makarasha yakisaga mawe toka asubuhi mpaka jioni. Ndani ya chumba kulikuwa na kabati la chuma. Mkongo uliotoka Tarime uliingia humo ukileta simu za watu kwa njia ya mwanga. Lakini mnara haujui mwanga, mnara unataka umeme. Kati ya hivyo viwili ilikaa kadi ya kijani, pana kama daftari la shule, iliyochukua kilichokuja kwa mwanga na kukigawa kwa umeme, laini kwa laini, mnara kwa mnara. Kadi ikichomolewa, minara yote inayoitegemea inakuwa vyuma vitupu vya kutulia kunguru.

Kadi hizo zilipofungwa, Nyamongo ilikuwa na maduka ya kuhesabika na mbwa wengi. Kisha dhahabu ikaita watu. Wakaja wa Geita, wa Shinyanga, wa Migori, wachimbaji, mama lishe, wahubiri, waganga, na kila mmoja akaja na simu, wengine mbili. Kufikia mwaka 2012 mtu wa Nyamongo alipiga simu mara nane ndipo mara moja iingie. Makao makuu Dar es Salaam wakaamua kadi zote za zamani katika vituo vya Tarime na Serengeti zing'olewe, ziwekwe mpya zenye uwezo mara tatu. Kazi hiyo akapewa Benedicto, kwa sababu ndiye aliyezifunga zile za kwanza, na pia kwa sababu hakuna kijana wa Dar aliyetaka kuja.

Hapo ndipo anapoingia Simioni, ndugu wa mke wake. Simioni alikuwa amechimba dhahabu miaka kumi na miwili, na alichopata kwa uhakika ni kikohozi. Siku moja alimpelekea shemeji yake chakula kituoni, akaiona kadi ya zamani imelala mezani. Akaigeuza. Nyuma yake kulikuwa na safu ya meno madogo ya chuma, yale yanayoingia kwenye kabati, nayo yalikuwa na rangi ambayo Simioni hata akiamshwa usingizini angeitambua.

"Shemeji," alisema, "sisi tunakufa kwenye maduara, na nyinyi dhahabu mnaitupa kwenye kona."

Haikuwa uongo. Meno yale yamepakwa dhahabu kidogo sana ili yasishike kutu. Simioni aliyakata kwa koleo, akayachemsha kwenye tindikali nyuma ya nyumba yake, akajua mwenyewe alivyojua, na baada ya siku mbili akarudi na kitone kidogo kuliko punje ya mtama. Tangu hapo, kila kadi iliyong'olewa ilipita kwenye koleo la Simioni. Kampuni ilikuwa imesema kadi kuukuu zirundikwe mpaka lori lije, na lori halikuwahi kuja. Benedicto hakujiona mwizi. Alijiona mtu aliyeishi juu ya mlima wa dhahabu akila ugali na dagaa, na sasa dagaa wamepata kitunguu.

Kitone cha kwanza kilimnunulia binti yake simu.

Binti huyo, Bernadetha, ndiye mtoto pekee aliyebaki kwa Benedicto. Aliolewa Mbalibali, ng'ambo ya Mto Mara, na kijana mpole anayeitwa Vedasto, aliyefanya kazi ya jikoni kwenye kambi ya watalii upande wa Robanda na kurudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Mimba ya kwanza ya Bernadetha iliharibika kwa kukosa usafiri. Uchungu ulimshika, mume hayupo, yuko na mama mkwe tu, hakuna simu ya kumwita mtu, na gari lilipopatikana mtoto alikuwa ameshakufa. Ilipoingia mimba ya pili Benedicto aliapa kwamba hilo halitatokea tena wakati yeye ni fundi wa simu na ana gari la kazi. Mtu wa simu kufiwa na mjukuu kwa kukosa simu, alisema, hiyo ni aibu ya mwaka.

Akampelekea ile simu mwenyewe. Tatizo nyumba ya Vedasto iko bondeni, na bondeni mtandao haushuki. Lakini nyuma ya nyumba kuna jiwe kubwa, la ngazi ngazi, kama yalivyo mawe ya huko. Baba na binti wakalipanda pamoja, yeye akitangulia na simu mkononi kama mtu anayetafuta kuku aliyepotea. Kwenye ngazi ya kwanza ilikuja alama moja. Juu kabisa zikaja tatu.

"Uchungu ukianza tu, panda hapa, nipigie," alimwambia. "Usingoje uzidi. Mimi nitakuja na gari, tutaenda Mugumu hospitali."

"Na nikikosa mtandao, tata?"

Tata ndiyo baba kwa Kikurya, na Bernadetha hakuwahi kumwita jina jingine. Benedicto alicheka kicheko cha mtaalamu.

"Ukikosa hapa chini, panda juu zaidi. Juu hukosi."

Basi ikabaki kadi moja, ya kituo chenyewe cha kilimani, iliyobeba mnara wa Mbalibali na mingine miwili. Kwingine kazi ya namna hii hufanyika usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Kwetu usiku barabara ilikuwa ya majambazi, madereva walishakataa, kwa hiyo Benedicto na makao makuu walikubaliana kuifanya Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani. Tarehe ya Bernadetha ilikuwa bado siku tisa. Benedicto aliihesabu mara mbili kwenye kalenda ya ukutani kabla ya kukubali. Pembeni ya kalenda ile ilibandikwa karatasi ya kanuni za kazi, na kanuni ya nne ilisema kadi ya zamani isitoke chumbani mpaka mpya iwe imefanya kazi siku nzima bila kasoro. Aliyeibandika ni yeye mwenyewe.

Jumapili hiyo dereva alimshusha kituoni saa mbili, akaendelea na gari kituo kingine, akaahidi kurudi saa tisa. Kwenye kabati kulikuwa na simu ya kazi, ile inayopita ndani ya mkongo wenyewe bila kupitia mnara. Hiyo haikatiki kadi ikichomolewa. Upande wa pili, Dar es Salaam, alikaa mhandisi kijana anayeitwa Yasmini, ambaye Benedicto hakuwahi kumwona ila alimpenda kwa heshima zake.

"Shikamoo mzee Ryoba. Uko tayari?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nilikuwa tayari kabla hujazaliwa."

"Haya, chomoa."

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Akalegeza parafujo mbili, akavuta, kadi ikatoka kwa ulaini. Kwenye simu yake ya mfukoni alama za mtandao zikafutika. Chini kule Nyamongo, alijua, watu kadhaa walikuwa wameanza kumtukana.

Simioni alikuwa ameshafika kwenye uzio. Alikuja na pikipiki ya kuazima, tindikali imeshamiminwa nyumbani, na pikipiki inadaiwa na mwenyewe. Akapiga mluzi. Heche, mlinzi, ambaye alikuwa akipata soda yake kwa kila kadi, alifungua mlango wa chumba akasema, "Mzee, shemeji yako anasema asichelewe."

Mazoea yana tabu. Kadi kumi na moja Benedicto alikuwa amebadilisha katika vituo kumi na kimoja, na kila mara mpya iliwaka kijani kabla hajamaliza kufuta jasho. Ile ya zamani ilikuwa mkononi mwake, haina kazi tena, na Simioni anapiga mluzi. Akampa Heche. Heche akaipitisha juu ya seng'enge. Pikipiki ikashuka kilima. Ndipo Benedicto akageuka, akaichukua kadi mpya, akaisukuma mahali pake.

Taa ikawaka nyekundu.

Akasubiri. Akaichomoa, akaipuliza, akairudisha. Nyekundu.

"Mzee," Yasmini alisema kwenye simu, "mtambo wako hauitambui hiyo kadi. Naona kituo hicho programu yake ni ya zamani kuliko vingine vyote. Kumbe hakikuwahi kuongezewa. Samahani, tulipaswa kuliona hilo mapema. Rudisha ya zamani, watu wapate huduma, halafu tutapanga siku nyingine."

Benedicto aligeuka kuutazama mlango alimotokea Heche.

"Mzee? Rudisha tu ile ya zamani."

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema. "Ngoja kidogo."

Alitoka nje akamtuma Heche abebwe na mtu yeyote wa bodaboda, amfuate Simioni. Heche alishuka kilima akikimbia, bunduki yake ya kienyeji inamgonga mgongoni. Benedicto akarudi akasimama mbele ya kabati. Mtu anayejua mitambo ana balaa moja: anajua hasa kitu gani kinakosekana. Angekuwa hajui, angesali.

Heche alirudi baada ya dakika arobaini. Kadi alikuwa nayo. Aliishika kwa mikono miwili, akaiweka mezani. Ilikuwa nzima, ya kijani, safi, ila nyuma yake hapakuwa na kitu. Safu yote ya meno ilikuwa imekatwa, sawasawa, kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake.

"Mura yule, shemeji yako, ana haraka," Heche alisema kwa sauti ya chini. "Nilimkuta ameshamaliza. Yako kwenye tindikali."

Benedicto aliijaribu hata hivyo. Aliisukuma kwenye nafasi yake kama mtu anayemlisha mgonjwa aliyekwisha kukata roho. Ikaingia, ikatoka, haikushika chochote. Akanyanyua simu ya kazi, akamweleza Yasmini kwamba kadi ya zamani imeharibika. Hakusema imeharibikaje. Alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni, mzee wa miaka hamsini na tatu akimdanganya mtoto.

"Basi hatuna njia," Yasmini alisema. "Itabidi niisukume programu mpya kutoka huku kupitia mkongo. Ni kubwa, mzee, itachukua masaa. Usiondoke hapo, maana nitahitaji uuzime na kuuwasha mtambo kwa mkono."

Ikaanza. Alimsomea asilimia kwenye simu kila baada ya muda, kumi na mbili, kumi na tisa, ishirini na sita, naye Benedicto akawa anaitikia kama muumini kanisani. Saa tano na nusu ilifika sitini na nne, ikakwama, ikarudi mwanzo. Yasmini aliomba radhi. Wakaanza upya.

Hapo ndipo wazo la Bernadetha lilipomjia na kukataa kutoka. Alijiambia bado siku tisa. Akajiambia pia kwamba mtoto wa kwanza naye alikuja kabla ya tarehe. Akamwomba Yasmini ampigie binti yake kutoka Dar, akamtajia namba kwa kichwa. Baada ya muda Yasmini akarudi. "Haipatikani, mzee." Benedicto akajiona mpumbavu. Itapatikanaje, na yeye ndiye aliyeizima?

"Jaribu ya mumewe. Vedasto."

"Nayo haipatikani."

Angemtuma bodaboda Mbalibali. Lakini amtume kusema nini? Kwamba fundi ana wasiwasi? Na Heche alikuwa amekwisha kuliacha lango mara moja, hakuweza tena. Kampuni ya ulinzi ilikuwa na kawaida ya kupita Jumapili. Angeondoka mwenyewe. Lakini akiondoka, hakuna wa kuuzima mtambo na kuuwasha, na minara mitatu ingelala hivyo mpaka Jumatatu, na mmojawapo ndio huohuo wa Mbalibali. Njia pekee ya kumfikia binti yake ilikuwa kukaa palepale asimfikie. Alikaa. Alitoka nje mara nyingi kutazama upande wa mto, ambako hakuna kilichoonekana ila vilima na joto, akarudi ndani.

Saa nane na dakika ishirini Yasmini alisema, "Zima." Akazima. "Washa." Akawasha. Kabati likavuma, taa zikapepesa moja baada ya nyingine, na ile ya kadi mpya, baada ya kufikiri sana, ikawa ya kijani.

"Hongera mzee," Yasmini alisema, sauti imechoka. "Laini zote ziko juu."

Benedicto alitazama simu yake. Alama zilikuwa zimejaa. Hakukuwa na ujumbe wowote wa kwamba fulani alikutafuta, na kwa dakika moja, Mungu amsamehe, alifurahi. Kisha akakumbuka kazi yake. Mtu akipiga kutoka mnara uliokufa, simu yake haifiki popote pa kuandikwa. Hata angepiga mara mia, huku pasingeonekana kitu.

Akampigia. Iliita, haikupokewa. Akapiga tena. Haikupokewa. Mara ya sita ilipokewa, na aliyepokea ni Vedasto.

Sauti ilikuja safi kama mtu amesimama mlangoni. Kadi mpya ilikuwa nzuri kweli. Alimsikia mkwewe akihema, akasikia na upepo.

"Baba, niko huku juu ya jiwe. Nimefika sasa hivi kutoka kambini, nikasikia simu inaita huku juu. Njoo na gari. Yeye ni mzima, anatoka damu lakini anaongea. Mtoto," alisema. "Mtoto alipumua kidogo, baba. Mama yangu anasema alipumua."

Gari lilifika kabla ya saa tisa, na kwa mara ya kwanza dereva yule hakuulizwa kwa nini anakimbiza. Wakavuka mto, wakamchukua Bernadetha Mbalibali, wakamfikisha Mugumu jioni. Madaktari wakamwokoa. Mtoto alikuwa wa kiume. Vedasto alimzika kesho yake asubuhi chini ya lile jiwe, Benedicto akishika koleo la pili la kufukia.

Yasmini aliandika taarifa kwamba kazi ya kituo cha kilimani imekamilika kwa kuchelewa kidogo. Nyamongo watu walisifu sana mtandao mpya. Simu iliingia kwa mara ya kwanza unapopiga, na kwa wiki nzima hakuna aliyemtukana fundi.

Bernadetha aliporuhusiwa, Benedicto aliomba likizo akakaa naye Mbalibali. Siku ya nne alikuja Simioni kuhani msiba. Alikuwa amevaa shati safi, amelia kweli, maana mtoto wa dada ni wake. Hakujua kadi ile ilifanya nini. Wakati wa kuondoka alimvuta shemeji yake kando, akamtia kitu kwenye kiganja, akakifunga. "Ni ile ya Jumapili," alisema. "Safari hii sikukata changu. Chote kiende kwa msiba." Kilikuwa kitone kikubwa kidogo kuliko vile vingine.

Benedicto hakuweza kukitupa wala hakuweza kukiweka mfukoni. Alirudi nacho mkononi mpaka kwenye mkeka alikokaa binti yake, kivulini kwa nyumba, akitazama jiwe.

"Tata," Bernadetha alisema. "Nilianza kuumwa saa nne. Nilipanda ngazi ya kwanza, hakuna mtandao. Mama mkwe aliniita nishuke, akaite wanawake. Nikamwambia hapana, tata alisema nipande juu zaidi."

Benedicto alikaa chini.

"Nikapanda ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Maumivu yakija nakaa, yakiacha napanda. Nilipofika juu kabisa nikasimama, nikanyoosha mkono hivi. Nilikuwa siwezi tena kushuka, nikajifungulia palepale na mama mkwe peke yake." Akageuka kumtazama. "Nisamehe, tata. Nadhani sikusimama pale uliponionyesha."

Yeye, ambaye kwa miaka ishirini na saba alikuwa na maelezo ya kila hitilafu, alifungua kiganja kwanza. Kisha akaanza kusema, taratibu, tangu mluzi wa Simioni mpaka taa ya kijani, na hakujificha popote. Aliyasema yote akikitazama kile kitone, kwa sababu usoni kwa mtoto wake hakuweza kutazama.

Bernadetha alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele wala hakulia. Kuku walipita kati yao.

"Kumbe hata chini ingekuwa vilevile," alisema mwishowe. "Ningejua, tata, nisingepanda."